Taa Nyekundu Siku Zetu Tu

Gotu,
Jumanne, 4 Februari 2025

Kwa Fundi Kinoti, duka la sola, Isiolo mjini.

Salamu nyingi. Nakuandikia kwa mkono kwa sababu mnara wa simu wa huku umekufa tangu Desemba, na pia kwa sababu kamati inataka jambo hili liwe kwenye karatasi. Barua anakuletea Anisa, yule mama wa maziwa ya ngamia anayekuja mjini kwa pikipiki. Jibu umpe yeye mwenyewe, lakini bahasha uifunge kwa gundi.

Pampu uliyotufungia mwezi wa kumi inazimika. Wala haizimiki ovyo. Inazimika siku zetu. Unakumbuka tulivyogawana maji: sisi Waborana tunanywesha Jumatatu, Jumatano na Jumapili, Waturkana Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, Ijumaa tunaosha birika. Wiki tatu sasa, siku yetu ikifika, ng'ombe wakishakusanyika na birika la chuma likijaa hadi mdomoni, taa nyekundu inawaka kwenye kile kisanduku kidogo na pampu inanyamaza. Siku yao ikifika, taa ni ya kijani kutoka asubuhi mpaka jioni. Mbuzi wao wanakunywa kwenye lile birika dogo la saruji mpaka wanasinzia.

Nimekuwa karani wa chama cha ushirika miaka kumi na tisa na sijawahi kuona mashine inayojua kabila. Mtu ndiye anayejua. Na mtu anayeshinda karibu na swichi ni mmoja tu, mlinzi wetu Ekiru Lowoi, Mturkana wa Ngaremara. Tulimpa kazi hiyo ili pande zote mbili zitulie. Kikulacho ki nguoni mwako. Nikimuuliza ananijibu, "Katibu, inajizima yenyewe, mimi nakaa tu hapa." Anajua kila ng'ombe aliyepita na kila mtungi uliojazwa, isipokuwa hilo moja!

Swali la kamati ni hili: je, mtu anaweza kuizima pampu hiyo kwa mkono? Jibu ndiyo au hapana, utie sahihi na muhuri wa duka. Tunakaa Ijumaa tarehe kumi na nne. Mto umerudi nyuma sana na hatuna maji mengine ya karibu, kwa hiyo usichelewe.

Hirbo Huka,
Katibu, Kamati ya Maji


Isiolo mjini,
6/2/2025

Bwana Katibu,

Barua yako imefika. Gundi uliyopaka nusura inishinde, nikadhani umenitumia hati ya shamba. Poleni na usumbufu.

Kwanza ujue mitambo yangu haina shida. Nimefunga zaidi ya ishirini, Burat peke yake ni saba, na hakuna uliorudi. Rangi nilikueleza siku ile lakini narudia. Kijani, pampu inafanya kazi. Njano, jua halitoshi, subirini. Nyekundu, kile kisanduku kidogo cha ulinzi kimekata umeme. Sababu za kukata ni nyingi, na nyingine zinatokana na mikono ya watu.

Umeniuliza swali moja nami najibu hilo moja. Ndiyo, mtu anaweza kuizima pampu kwa mkono. Swichi kubwa iko nje ukutani na haina kufuli. Muhuri nimeupiga hapo chini.

Sasa niulize na mimi. Kuna mtu ameongeza waya? Kuna taa ya msikiti, chaja ya simu, kitu chochote nisichokifunga mimi? Uniambie ukweli, kwa sababu dhamana yangu ya mwaka mmoja haihusu mtambo uliochezewa. Wiki hii siwezi kuja, nina kazi Burat.

Wako,
Kinoti


Gotu,
Jumapili, tarehe 9 mwezi wa pili

Fundi Kinoti, habari ya huko.

Mimi ni Ekiru, mlinzi wa pampu. Tulishikana mkono siku uliyomaliza kazi, ukanionyesha swichi. Watu wanasema kuna barua yako yenye muhuri na kwamba inanihusu. Anisa ndiye aliyeibeba lakini hakuifungua. Kwa hiyo nauliza mwenyewe.

Leo asubuhi nilimwita Anisa awe shahidi. Nilishusha ile swichi kubwa kwa mkono wangu. Taa zote zilikufa. Kijani hakuna, nyekundu hakuna. Nikaipandisha, kijani ikarudi. Halafu saa nne, ng'ombe wa Waborana wakiwa wamejaa na birika limefurika, taa nyekundu ikawaka. Wakati huo mimi na Anisa tulikuwa mbali na ukuta, tunakunywa chai. Basi mkono wa mtu unaleta giza. Taa nyekundu inaletwa na kitu kingine. Wewe unalijua hilo ama hulijui?

Kuna jambo la pili. Nyuma ya birika la chuma, pale ulipopigilia kile chuma cha kupeleka umeme mbaya ardhini, pamekuwa shimo. Siku ile ulimwaga gunia la chumvi hapo, nilikuona. Fundi, mbuzi wa huku hunusa chumvi hata ukiizika. Kila siku yetu wanachimba. Wamefika kwenye nyaya za kwenda pampu na wametafuna ngozi ya juu. Na siku za ng'ombe maji yanafurika kutoka birikani yanaingia mle shimoni. Siku zetu hakuna mafuriko, mbuzi wananywea kwenye saruji upande wa pili.

Mimi nilifika darasa la nane tu. Umeme sijui. Lakini nimeyaona haya kwa macho.

Kazi hii ndiyo inayowalisha watoto wangu wanne. Na wakinifukuza kwa neno hili, nitaondoka na jina la mtu anayenyima ng'ombe maji. Jina hilo huku halifutiki, hata watoto wangu wataitwa hivyo. Tafadhali waandikie kamati kabla ya Ijumaa uwaambie nyekundu ni nini.

Ekiru Lowoi


Isiolo mjini,
11/2/2025

Ndugu Ekiru,

Asante kwa barua. Una macho makali na ninalisema hilo bila kukupaka mafuta.

Lakini mambo ya umeme hayasemwi kabla hayajapimwa. Kuweka chumvi kwenye chuma cha ardhi ni kawaida ya mafundi, inasaidia pale udongo ulipo mkavu. Kwetu Meru nimefanya hivyo miaka yote na sijaona shida. Kweli, kwetu mbuzi anafungwa kamba na analetewa majani.

Fanya hivi. Lifukie hilo shimo kwa mawe, uyakandamize vizuri, mbuzi wasifike tena. Na usilizungumze na kamati mpaka nije niangalie mwenyewe. Wakisikia kuna kitu kilimwagwa ardhini karibu na maji, hapatakalika huko.

Kuhusu Katibu, aliniuliza swali nikamjibu. Mambo ya kamati ni ya kamati. Nitapita mwisho wa mwezi.

Kinoti


Gotu,
Jumatatu, 17 Februari 2025

Kwa Fundi Kinoti.

Nianze na shukrani halafu niingie kwenye balaa.

Kamati ilikaa Ijumaa. Barua yako ilisomwa kwa sauti, mara mbili. Ekiru alisimama akaleta maneno ya giza na nyekundu, na kwamba Anisa ni shahidi. Nikamuuliza, "Kati yako na fundi, nani amesomea umeme?" Na siku moja kabla alikuwa ameonekana nyuma ya birika akifukia kitu kwa mawe, anatazama huku na huku. Tulipomuuliza amefukia nini alisema, "Nimeambiwa nisiseme." Ameambiwa na nani? Hapo hata waliokuwa wakimtetea waliinamisha vichwa. Tumemwachisha kazi, amerudi kwao Ngaremara.

Jumamosi tukamleta Warfa, yule fundi wa simu, kwa sababu wewe ulisema una kazi Burat. Aliunganisha waya ukapita pembeni ya kile kisanduku cha taa nyekundu. Akasema kisanduku ndicho kigonjwa. Tangu hapo ni kijani tupu na pampu haijanyamaza hata dakika moja. Nilifurahi, nikasema unaona sasa, mlinzi ameondoka na pampu imepona.

Lakini jana Jumapili ng'ombe walikataa maji. Fundi, mimi nimezaliwa kati ya ng'ombe, sijaona jambo kama hili. Wanakuja mbio kwa kiu, wanagusa maji kwa pua, wanaruka nyuma kana kwamba wamechapwa. Leo ni vilevile. Ndama wa dada yangu aliingiza miguu kwenye tope la pembeni, akaweka mdomo birikani, akaanguka hapo hapo akafa. Sisi tulitia mikono, tukanusa, tukaonja, hatukuona kitu.

Vijana wanasema ni sumu, na iko chini ya yale mawe. Hakuna anayethubutu kuyagusa. Wanasema watakwenda Ngaremara wamuulize Ekiru vizuri. Sikuwaambia waende. Na nikiri kwako, sikuwaambia wasiende.

Nitafutie hapo mjini mtu wa kupima sumu kwenye maji. Haraka.

Hirbo Huka


Isiolo mjini,
Jumanne, 18/2/2025

Katibu,

Ukipata barua hii usikae chini. Nenda kwanza ushushe ile swichi kubwa ya nje, halafu urudi uendelee kusoma, na usome kwa sauti mbele ya watu wote.

Maji hayana sumu. Yana umeme. Unavuja kutoka kwenye nyaya nyuma ya birika, unapita kwenye tope na kwenye chuma cha birika. Ninyi mlitia mikono mkiwa mmevaa akala za tairi, na tairi haipitishi umeme. Ng'ombe hana akala. Kesho ni Jumatano, siku yenu, na watoto watakuja na mitungi, wengi miguu mitupu. Mtoto yeyote asikaribie lile birika.

Kile kisanduku hakikuwa kigonjwa. Kilikuwa kinahisi umeme unavuja na kinakata kabla haujamgusa mtu. Wiki zote zile taa nyekundu iliwaka kwa sababu siku zenu birika hufurika na maji huingia kwenye nyaya zilizotafunwa. Warfa amekizunguka, na sasa hakuna kinachowalinda.

Nyaya zilitafunwa na mbuzi waliofuata chumvi. Chumvi niliimwaga mimi. Nilifanya kama tunavyofanya kwetu, sikufikiria kwamba huko kila mnyama anatafuta chumvi.

Hayo ni makosa ya kazi. Hili linalofuata ni kosa langu mimi. Mtu akizima kwa mkono, taa zote zinakufa. Nyekundu haiwashwi na mtu. Nililijua hilo tarehe sita nilipopiga muhuri. Niliogopa mkisema mtambo ni mbovu mtanidai dhamana na jina langu litaharibika, basi nikajibu swali lako kwa namna ya kukuacha umshuku Ekiru. Na mawe ni mimi niliyemwambia aweke, na ni mimi niliyemwambia asiseme. Huenda yameziminya nyaya na kuongeza ubaya.

Wazuie vijana. Nimetafuta pikipiki ya kunileta sasa hivi, hakuna anayekubali njia hiyo jioni. Anisa amelala mjini na ataondoka alfajiri na barua hii. Mimi nitakuja nikipata nyaya mpya.

Kinoti


Gotu,
Alhamisi, 20 Februari 2025

Fundi,

Barua yako ilifika jana saa nne na nusu. Ilichelewa kwa saa moja.

Anisa alipokuwa akija mjini juzi alisimama Ngaremara na kumwambia Ekiru habari ya ng'ombe. Jana kwenye saa tatu asubuhi Ekiru alikuwa hapa, amekuja kwa miguu. Hakusalimia mtu. Alikwenda moja kwa moja ukutani akashusha swichi, akasimama mbele yake ameizuia kwa mgongo. Vijana wakapiga kelele: amerudi, anatuzimia tena, mchana mbele ya macho yetu. Aliwaambia, "Ngojeni kidogo. Tazameni ng'ombe." Hawakungoja. Mpwa wangu Abdirahim ndiye aliyempiga rungu la mkono.

Nami nilikuwepo. Nilikuwa natembea kuelekea pale, na sikutembea haraka.

Sasa nikwambie kitu ambacho sijalala kwa sababu yake. Wakati wanampiga, ng'ombe walisogea wenyewe. Hakuna aliyewapeleka. Waliingiza vichwa birikani wakaanza kunywa, mstari mzima, maji yale yale waliyoyakataa Jumatatu. Mtu mmoja akaona, akaacha kupiga, halafu mwingine, mpaka watu wote wakageuka. Ekiru alikuwa chini. Mlio uliobaki ulikuwa ni wa ng'ombe wakinywa.

Kwa hiyo barua yako haikutufundisha kitu, ilitueleza tu tulichokuwa tumeshakiona. Niliisoma kwa sauti kama ulivyotaka. Nilipofika kwenye muhuri nilimpa Anisa karatasi, akamalizia yeye.

Ekiru yuko hospitali ya Isiolo, mkono wa kulia umevunjika. Njoo, Fundi. Vijana wanakutaja, lakini mimi nitasimama nawe.

Hirbo Huka


Isiolo mjini,
23/2/2025

Ndugu Ekiru,

Pole sana. Nimesikia kila kitu. Kwa mkono wa msaidizi wangu Vincent nakuletea maziwa, soda na matunda kidogo. Yeye ndiye aliyekwenda Gotu juzi na nyaya mpya. Amezipitisha ndani ya bomba la chuma, ameondoa udongo wote wenye chumvi, na kisanduku kimerudishwa kazini. Birika lilijazwa mpaka likafurika na taa ikabaki kijani. Mimi sikuweza kwenda. Unajua hali ilivyo huko, watu bado wana hasira.

Nilikukosea, na sina la kujitetea. Ila jambo moja linanisumbua. Ulikuwa umefukuzwa, na ulijua watakufanya nini wakikuona kwenye ile swichi. Kwa nini ulirudi?

Kinoti


Hospitali, Isiolo,
Jumatatu, tarehe 24 mwezi wa pili

Fundi Kinoti,

Anaandika Anisa, mimi nasema. Mkono wangu umefungwa plasta.

Vincent amefika. Maziwa nimekunywa, soda nimewapa wagonjwa wenzangu.

Umeuliza kwa nini nilirudi. Anisa aliponiambia ng'ombe wanagusa maji na kuruka, nilijua ni lile shimo. Na kesho yake watoto wangekuja kuchota. Kuna binti wa Zeinab, ana miaka sita, kila siku hunisalimia kwa Kiturkana anachokijua, maneno mawili tu. Ningekaa Ngaremara nifanye nini? Niliogopa sana njiani. Mara mbili nilikaa chini.

Katibu amekuja hapa. Alisimama mlangoni muda mrefu kabla ya kuingia, na Abdirahim alikuwa nyuma yake, akakaa sakafuni. Katibu alisema kazi ni yangu nikitaka. Sikuwaambia nimewasamehe, kwa sababu sijawasamehe. Niliwaambia nitafikiria.

Nimefikiria. Nitaanza Jumatatu ijayo. Ni siku ya Waborana, na nimeichagua makusudi, wanione nimesimama pale pale. Kwa kushusha swichi mkono mmoja unatosha.

Lakini ujue mambo hayajaisha. Katibu mwenyewe amenieleza. Wako wanaosema mimi na wewe tulipanga, kwamba Waturkana walikupa kitu ili uandike ile barua ya pili. Wanasema zote mbili zina sahihi yako, moja inasema hivi na nyingine vile, nani atajua ya kweli ni ipi? Na mimi, fundi, siwezi kuwalaumu. Wamesoma karatasi zako tu. Hakuna aliyekuona usoni ukisema.

Kutoka duka lako mpaka kitanda hiki ni dakika kumi kwa miguu. Hii ni siku ya sita niko hapa, na umemtuma Vincent na bahasha.

Usinijibu kwa barua. Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi Anisa atapita dukani kwako na pikipiki, na ataacha nafasi nyuma yake. Panda. Uje usimame karibu nami pale ukutani, mbele ya ng'ombe wao na watu wao, useme kwa mdomo wako.

Ekiru Lowoi,
Mlinzi wa Pampu, Gotu